Hatua Nilizohesabu kwa Masikio

Katika miaka sita ya kwanza ya ndoa yangu, mama mkwe wangu aliniambia maneno machache sana, na yote aliyatuma kupitia kwa mke wangu. Hatukuwa na ugomvi wowote. Ndivyo tulivyolelewa upande wetu wa Bureti: mume wa binti hapeani mkono na mama mkwe, haketi mahali anapokula, haingii chumba anacholala, na wala hawatajani majina. Mimi kwake nilikuwa "baba ya watoto" hata kabla sijapata mtoto. Nilipofika kwake, umbali wa saa moja kwa miguu kutoka Roret, nilikaribishwa chumba cha mbele, naye akainuka na kuondoka kwa mlango wa nyuma. Nilimjua mgongo kuliko uso.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu bila hayo msomaji hataelewa kwa nini ninazitamani mpaka leo siku kumi na moja ambazo mtu mwingine angetaka kuzisahau. Zilikuwa siku za hospitali, tena hospitali isiyo na wauguzi.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha. Asubuhi moja ya mvua alikuwa akiteremka na kikapu cha majani chai kuelekea kituo cha kuuzia, mteremko ukamshinda, akaanguka na mfupa wa paja ukavunjika. Hospitali alikolazwa ilikuwa ya serikali, ndogo, yenye wadi moja ya wanawake. Walimfunga kamba mguuni, wakaipitisha kwenye gurudumu dogo mwishoni mwa kitanda na kuning'iniza mzigo wa kuuvuta mfupa ukae sawa. Akaambiwa atalala hivyo, chali, wiki tisa.

Mume wake alikuwa amekufa. Mwanawe alifanya kazi Mombasa. Binti yake mdogo alikuwa ameolewa mbali, kule Bomet chini, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, hawezi kutembea mbali. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai kilichokuwa nusu saa tu kutoka hospitalini. Hesabu ilikuwa rahisi: kila siku shifti ya asubuhi ikiisha, mimi ndiye nimpelekee chakula. Ugumu ni kwamba mimi ndiye sikupaswa kumkaribia.

Nilisoma hadi darasa la saba tu. Mengine niliyoyajua niliyapata kwenye vitabu vya mitumba na karatasi za maelezo ya mashine, na tabia iliyonibakia ni kuangalia kitu kwanza kilivyopangwa kabla ya kukigusa. Nikaiangalia wadi. Ilikuwa na veranda ndefu upande wa mashariki, na chini ya kila dirisha palikuwa na benchi la simenti. Kitanda chake kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni, kichwa chake kikiegemea ukuta wa dirisha. Nikikaa kwenye benchi, mgongo wangu ukutani, tungekuwa tumetengana kwa unene wa tofali moja bila mmoja kumwona mwingine. Hapo ndipo nilipokaa.

Siku ya pili mvua ya saa nane ilikuja na mawe, ikanikuta pale. Muuguzi wa zamu akatoka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, saa yake imebandikwa kifuani kichwa chini miguu juu. Alitoka upande wa ziwa na alikuwa amekaa kwetu miaka mingi, mume wake akiwa mfanyakazi wa mashamba ya chai. Akaniuliza kama nimeogopa wanawake wagonjwa. Nikamweleza, nikitegemea acheke.

Hakucheka. Alisema hata kwao mkwe ni mkwe, na kwamba yeye mwenyewe ana wakwe wawili wanaokimbia wakisikia kikohozi chake. Akachukua bakuli mikononi mwangu. "Keti hapo," akasema. "Mimi nitakuwa barabara yenu."

Akawa barabara kweli. Alipeleka chakula ndani na kuleta bakuli nje, na mimi nililisoma lile bakuli. Nilikuwa na daftari dogo la kiwandani, nikaandika: Jumanne, ugali wa wimbi nusu, isagek yote. Isagek ni ile mboga chungu tunayoipika kwa maziwa, na nilijua ndiyo aipendayo. Jumatano, ugali robo. Baada ya wiki moja bakuli likaanza kurudi safi, hata punje haipo. Niliandika "yote, yote, yote" na nikaenda nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba mama yake anapona.

Kitanda cha nne kilikuwa na msichana mchuma chai, pia wa kutoka upande wa ziwa, mguu ukiwa umeungua kwa maji ya moto. Alikuwa na mdomo mkali. Ni yeye aliyenipa jina Mkwe wa Dirisha, na kila nikifika alimuuliza muuguzi kwa sauti kama benchi lile nimelikodi au nimelirithi. Siku moja alitoka akichechemea, akasimama mbele yangu na kujionyesha. "Mkwe, niangalie vizuri," akasema. "Hicho chakula chako kinaninenepesha mimi."

Nilielewa. Mama mkwe alikuwa amejua kwamba ninachunguza bakuli. Hakutaka nirudi nyumbani na huzuni, na hakuwa na hamu ya kula, basi alimpa jirani akamaliza. Nilifunga daftari. Kisha, bila kugeuka, nikamwuliza mama mkwe kupitia dirishani, kwa lugha yetu, kama chakula ni kibaya.

Ndani nikasikia lile gurudumu la kamba likilia.

"Chakula ni kizuri," akajibu. "Kulala ndiko kubaya."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu yasiyopitia kwa mtu. Kesho yake aliuliza kama mvua imefika kwake, kama kuna mtu anayechuma chai yake. Nikamjibu. Kesho kutwa akauliza kama mke wangu bado anaogopa radi, kwa kuwa alipokuwa mtoto alikuwa akijificha ndani ya ghala la mahindi. Sikuwa nalijua hilo. Baadaye aliniuliza juu ya mama yangu, na nikamwambia alikufa nikiwa darasa la pili, nikalelewa na shangazi. Aliuliza nilikuwa nalala na nani baada ya hapo. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwambia nililala na ndama. Akasema ndama wana joto zuri, na mazungumzo ya siku ile yakaishia hapo.

Wiki zilipofika saba, muuguzi alianza kuwaza habari ya kusimama. Hospitali ilikuwa na fremu moja ya kutembelea, nayo ilikuwa ya mtu mrefu na imepinda mguu mmoja. Nilimwomba anitolee nje niione. Niliichora, nikaona ni bomba tu lililokunjwa mahali sita, nikasema naweza kutengeneza nyingine ya kimo chake. Lakini kutengeneza kunataka vipimo, na mimi singeweza kumpima.

Muuguzi alichukua bandeji. Mama mkwe akiwa amelala, mkono umenyooshwa ubavuni, alipima kutoka kisigino hadi kifundo cha mkono na kufunga fundo. Kisha akapima upana wa nyonga na kufunga fundo la pili. Alinipa ile bandeji dirishani. "Huyu ndiye mama mkwe wako," akasema, na wadi nzima ikacheka, na nikasikia kwamba hata mama mkwe alicheka.

Kwa ruhusa ya msimamizi nilitumia bomba kuukuu la mvuke. Nililikunja na kulichomelea wakati wa mapumziko ya mchana, siku nne, na kwenye ncha za miguu nikavalisha mpira niliokata kwenye mkanda mkongwe wa kusafirishia majani, ili fremu isiteleze kwenye simenti. Ilipofika wadini, mama mkwe aliishika na kuinusa. Akasema inanuka kiwanda, kwa hiyo hata ikimwangusha atakuwa ameangushwa na chai yake mwenyewe.

Kamba ilifunguliwa mwisho wa wiki ya tisa. Daktari aliyepita siku hiyo alisema jambo moja kwa uwazi: asiposimama na kutembea kila siku wakati huu, nyonga itakaza na hatatembea tena peke yake. Muuguzi na mwenzake walimshika huku na huku, akasimama, akaenda hatua mbili, akarudishwa kitandani. Nilisikia mpira ukigonga simenti mara mbili. Nilifurahi kama mtu aliyewasha mtambo uliolala.

Asubuhi iliyofuata wauguzi waligoma.

Haikuwa kwetu tu, ilikuwa kila mahali. Nilipofika, kulikuwa na kundi la wauguzi langoni wameshika matawi mabichi, alama ya mgomo, na wadi ilikuwa na mhudumu mmoja wa kufagia. Jamaa walikuwa wanabeba wagonjwa wao kwenye pikapu na mikokoteni. Mama mkwe hangeweza kubebwa: kwake ni mteremko, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu wa kumsimamisha. Mke wangu alikuwa amejifungua siku tano nyuma. Katika wadi nzima walibaki watatu, yeye, yule msichana, na bibi mmoja aliyelala mchana kutwa. Msichana, kwa mguu wake ule ule, ndiye aliyekuwa akimsaidia kuoga na haja. Kumwinua hangeweza.

Siku mbili zikapita. Kupitia dirishani nilimkumbusha maneno ya daktari. Alisema ameyasikia. Nikauliza tufanye nini. Akasema heri alale.

Siku hiyo ya pili, nikitoka, muuguzi wetu aliniita kutoka upande wa pili wa ua. Sikumtambua mara moja, alikuwa na gauni la kawaida, kitambaa kichwani, tawi mkononi.

"Kogo amesimama leo?" Alimwita hivyo, kogo, yaani nyanya, kwa neno letu.

Nikamwambia hapana.

"Na jana?"

"Hapana, sista."

Aliangalia wadi, kisha akaangalia lile tawi. Alisema hawezi kuingia. Wenzake wangemwona msaliti, na madai yao yalikuwa ya haki. Nikasema sikumlaumu. "Nimefanya hii kazi miaka kumi na tisa," akasema. "Watu wananishukuru kwa dawa. Dawa si yangu, inakuja na lori. Kitu yangu ni moja tu, kuona mtu ametoka kwa huo mlango na miguu yake. Sasa ona, nimesimama hapa na majani."

Halafu akanifundisha, pale uani, akionyesha kwa mwili wake. "Mgeuzie mgongo. Mgongo hauna macho. Simama karibu na kitanda kama nguzo ya stima, yeye ashike mshipi wako, ajivute mwenyewe. Wewe usivute. Ukivuta utamvunja. Akisimama, fremu iko hapo kando, aishike. Wewe tangulia, usigeuke."

Kesho yake nilifika nikiwa na mshipi wa kazini, ule mpana wa ngozi. Nilikaa benchini nikamweleza jinsi itakavyokuwa, hatua kwa hatua, kama ninavyomweleza mtu namna ya kufungua mashine. Nilisikia yule msichana akijikuna kwenye bandeji yake.

"Huo mshipi ni wa ngozi?" mama mkwe akauliza.

"Ni wa ngozi, Mama."

"Haya."

Nilikuwa nimehesabu kutoka nje: vitanda viwili, nafasi kati yao, fremu imewekwa wapi. Nikaingia kinyumenyume. Msichana alisema leo mkwe ameweka gia ya nyuma, lakini alisema kwa sauti ya chini, na ni yeye aliyeniongoza, kushoto kidogo, basi, hapo hapo. Nilisimama. Mkono ukashika mshipi wangu, kisha wa pili. Niliinama mbele kidogo ili uzito wake usinirudishe nyuma. Alijivuta. Nilisikia pumzi yake mgongoni, fupi fupi, na paji lake la uso likaniegemea katikati ya mabega kwa muda wa kama kuhesabu hadi tano. Mtu mzima wa kiume hasemi kwamba hajaegemewa na mzazi tangu darasa la pili, na mimi sikulisema, lakini nililijua nikiwa nimesimama pale.

Kisha mikono ikaniachia, na nikasikia fremu. Nikatangulia, uso mlangoni. Nyuma yangu mpira uligonga simenti na mguu ukafuata ukiburuzwa.

"Ngapi?" akauliza aliposimama.

"Nne, Mama."

"Mbona nimechoka kama kumi."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Kila siku baada ya shifti niliingia kinyumenyume, akashika mshipi, akaegemea, akatembea, akauliza ngapi. Nne tena siku ya pili. Saba. Tisa. Siku moja sita, kwa sababu kulikuwa na baridi. Sikuandika kwenye daftari, sikuona haja. Wakati wa kupumzika, yeye ameketi ukingoni mwa kitanda na mimi nimesimama nimempa mgongo, alizungumza. Alinieleza jinsi yeye na mumewe walivyopanda miche yao ya kwanza ya chai na jirani wakawacheka kwamba watakula majani. Alisema alipoona nakuja kumposa binti yake alimwambia mumewe kwamba mtu huyu anaangalia paa, mabati na misumari, haangalii watu, na kwamba sasa amejua nilikuwa naangalia nini. Aliuliza juu ya mtoto aliyezaliwa, ana nywele, analia sauti gani. Sikumwona uso hata mara moja katika siku hizo zote, na ni katika hizo tu ndipo niliwahi kumjua.

Siku ya kumi ya kutembea alipita kizingiti na kufika verandani. Wauguzi walikuwa uani kama kawaida. Mimi nilitoka kwanza, nikakaa kando, nikageuza uso ukutani. Sikuona alichokiona muuguzi wetu, nilimwona yeye tu kwa pembe ya jicho: tawi lilimponyoka, akaweka mikono miwili kichwani, akabaki hivyo. Wenzake waliacha kuimba.

"Sista," mama mkwe akamwita kwa Kiswahili chake cha kuokota, "wewe nachelewa kazi."

"Nimechelewa, Kogo," yule mwanamke akajibu, na sauti yake haikuwa nzima. "Nisamehe. Ni ngapi hizo?"

Mama mkwe hakuzijua. Aliniuliza mimi, mbele ya watu wote, nami nikajibu ukuta kwamba ni kumi na tisa. Muuguzi alirudia ile kumi na tisa mara mbili. Sijui kama alikuwa anawaza hatua au miaka yake ya kazi. Alikuwa na uso wa mtu aliyelipwa. Nimefanya kazi na mitambo maisha yangu yote, na nimeitengeneza mingi ikakubali, lakini sijawahi kuona mtu mwingine akiridhika namna ile kwa kazi ambayo siku hiyo hakuifanya kwa mikono yake.

Siku ya kumi na moja tulifanya mara mbili, kwenda na kurudi. Asubuhi iliyofuata mgomo uliisha, wauguzi wakarudi na sare zao, na mimi nikarudi benchini bila kuambiwa. Wiki moja baadaye akaruhusiwa kwenda nyumbani. Muuguzi alinirudishia ile bandeji yenye mafundo mawili, akasema niiweke. Baada ya miezi alihamishwa, na sikumwona tena.

Tulipeleka mtoto kwa mama mkwe mwezi wa pili tangu atoke hospitalini. Mke wangu alikuwa bado anateta na mbwa nje, mimi nikatangulia na mtoto mkononi. Hapo ndipo nilipokosea. Mama mkwe alikuwa ameketi chumba cha mbele, na mimi, kwa mazoea ya siku kumi na moja, sikusimama mlangoni kungoja. Niliingia, na nikaingia uso mbele. Nilivuta kiti karibu naye, nikaanza kumwambia kwamba huyu ndiye mwenye sauti ile tuliyozungumza.

Alitazama chini. Hakukasirika, nataka lieleweke. Aliinuka mwenyewe, bila kushikwa, akachukua fremu iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akanipa mgongo na kwenda kwa mlango wa nyuma, kama mama mkwe mwenye heshima anavyofanya mkwe wake anapoingia. Ndicho kitu ambacho mimi, yeye na muuguzi tulikitafuta wiki zote zile, aweze kuinuka na kwenda anakotaka. Mpira uligonga sakafu ya udongo kwa sauti nzito kuliko ile ya simenti. Niliufuata kwa masikio hadi chumba cha pili, ukageuka, ukasimama upande mwingine wa ukuta.

Nikangoja aulize ni ngapi. Nilisikia kitanda kikilia alipoketi, kisha kimya. Mke wangu aliingia, akaniangalia nilivyokaa pale karibu na kiti kitupu, akamchukua mtoto na kumpelekea mama yake ndani.

Kumi na nne, nikasema, lakini kwa sauti ambayo haikupita ukutani.